Kansa ya Tezi: Kipande Kilichopotea Chamwambia Nini Daktari?

Mtoto akivimba taya au shingo, kuna swali moja linaloingia upesi katika nyumba zetu: "Nani amemtenda?" Shangazi huliuliza, jirani huliuliza, na baba naye huliuliza usiku kwa sauti ya chini. Swali hilo likishapata kiti nyumbani, siku huanza kupotea. Leo anatafutwa mpiga ramli. Kesho bibi mzee anatazamwa kwa jicho baya. Keshokutwa mtoto mwenyewe anapelekwa kwa mtu ajiitaye nabii, naye anaamuru mtoto asile chakula. Wakati huo wote uvimbe hausubiri hukumu ya mtu. Waendelea kukua.

Juma hili twapenda kuonyesha ya kuwa wataalamu wamelitafuta jibu la swali hilo kwa zaidi ya miaka 60, tena baadhi ya hatua kubwa zilianzia katika bara letu la Afrika, kwa watoto wa Kiafrika. Jibu walilolipata halina jina la jirani wala la bibi. Lahusu uzi mwembamba ulio ndani ya chembe ya mwili, na kipande cha uzi huo kilichohama au kilichopotea. Tena kipande hicho kina kazi kubwa: kwa kupotea kwake chamsaidia daktari kujua ugonjwa ni wa aina gani, una ukali gani, na dawa ipi yafaa.

ASKARI WALIOASI

Kila mtu anazo tezi ndogo ndogo shingoni, makwapani na kinenani. Mguu ukipata kidonda, mtoki huvimba kinenani. Hiyo ni alama ya kuwa askari wa mwili wamekusanyika kupigana na vijidudu vya ugonjwa. Askari hao ni chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea, na askari hurudi kambini.

Lakini huenda chembe moja katika jeshi hilo ikakataa kutii. Yajigawa kuwa mbili, zile mbili kuwa nne, nne kuwa nane, bila kuamriwa na bila kukoma. Jeshi hilo la waasi ndilo ugonjwa uitwao limfoma, yaani kansa ya tezi. Aina zake ni nyingi. Ziko zinazotembea polepole kwa wazee, hata mtu akaishi nazo miaka mingi. Iko nyingine, inayowapata hasa watoto wa Afrika, ambayo uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili.

Kwa nini askari mwema akaasi? Hapana budi tuingie ndani ya chembe yenyewe na kutazama.

TRENI 46 NA MABEHEWA YAKE

Hapa Likasi hakuna asiyejua treni. Reli yetu yatoka Lubumbashi, yapita hapa, na kufika Tenke. Huko Tenke njia hugawanyika: moja yaelekea Kolwezi na Dilolo, nyingine yaelekea Kamina. Basi tutumie mfano huo.

Karibu kila chembe ya mwili wa mtu ina nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Nyuzi 23 twazipata kwa baba, na 23 kwa mama. Hesabu hiyo ya 46 ilithibitishwa mwaka 1956 huko Lund, nchi ya Sweden, na mabwana Joe Hin Tjio na Albert Levan. Tufananishe kila kromosomu na treni moja ndefu. Mabehewa yake ndiyo jeni, na kila behewa limebeba amri ya kazi fulani. Jeni nyingine ni kama injini: huiamuru chembe ikue na kujigawa. Nyingine ni kama breki: huizuia. Nyingine tena ni kama mkaguzi wa reli: huchungulia kama njia imeharibika, na ikiwa imeharibika husimamisha safari mpaka itengenezwe, au huiamuru chembe iliyoharibika ife ili isiwadhuru wenzake.

Sasa yaweza kutokea ajali za namna mbili. Ya kwanza, treni mbili zabadilishana mabehewa: injini ya treni moja yafungwa mahali pasipo pake katika treni nyingine. Ya pili, treni yafika kituoni ikiwa imepungukiwa: behewa moja, au mabehewa mengi pamoja, yamekatika na kupotea njiani. Ajali hii ya pili ndiyo tunayoiita upotevu wa kipande cha kromosomu. Behewa lililopotea likiwa la mizigo midogo, huenda safari isidhurike. Lakini likiwa ni la breki au la mkaguzi, treni yateremka mlimani bila wa kuizuia.

Wasomaji wetu Wakatoliki wafurahi kujua ya kuwa elimu hii ya urithi ilifunguliwa na mtawa, Gregor Mendel, wa shirika la Waagustino huko Brno. Alipanda njaazi katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa uvumilivu, na mwaka 1866 maandiko yake yakapigwa chapa. Tena daktari Mkatoliki wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, ndiye pamoja na wenzake aliyetangaza mwaka 1959 ya kuwa watoto wa Down wana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Mwaka 1963 yeye na wenzake walieleza habari za watoto wanaolia kwa sauti kama ya paka mdogo, nao wamepungukiwa kipande cha kromosomu ya 5. Lejeune aliwatetea watoto hao maisha yake yote, na mwaka 2021 Papa Fransisko alizitambua fadhila zake kuwa za kishujaa.

Lakini yafaa tutofautishe vizuri. Watoto wale wa Lejeune walizaliwa na badiliko lile katika chembe zao. Katika limfoma mambo ni mengine. Mtoto amezaliwa mzima, na nyuzi zake ni kamili. Kisha, siku isiyojulikana, katika chembe moja tu, uzi wakatika. Waasi wote wazaliwa kutoka kwa chembe ile moja. Hivyo upotevu wenyewe karibu mara zote hakuutoa baba wala mama, wala hautapita kwa ndugu zake.

UZI HUKATIKA KWA NINI?

Chembe za limfu zina kazi ya hatari. Kila kijidudu kipya chahitaji silaha mpya, na ili kutengeneza silaha hiyo, chembe hukata uzi wake yenyewe na kuuunga upya kwa namna nyingine. Mungu ameipa chembe ufundi huo wa ajabu ili tuwe na kinga dhidi ya magonjwa yasiyo na hesabu. Lakini fundi anayetumia mkasi mchana kutwa, siku moja mkasi wamponyoka. Ndiyo sababu chembe za limfu, kuliko chembe nyingine nyingi, hupata ajali za nyuzi.

Magonjwa yanayorudi mara kwa mara huongeza kazi ya mkasi huo. Malaria ni mojawapo. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha katika panya ya kuwa malaria ya muda mrefu huzilazimisha chembe za limfu kujigawa na kujikata mno, hata kromosomu zikavunjika na limfoma ikatokea.

Miale nayo yaweza kukata uzi. Katika jambo hili nchi yetu ina habari yake. Magharibi ya Likasi kuna Shinkolobwe, ambako madini ya urani yaligunduliwa mwaka 1915. Tangu mwaka 1922 madini hayo yalisafishwa huko Olen, Ubelgiji, ili kupata radiamu, nayo ikasambazwa katika hospitali nyingi za dunia kwa kutibu kansa. Mwaka 1927 Mmarekani Hermann Muller akaonyesha ya kuwa miale ya eksirei hubadili urithi wa viumbe. Kumbe jiwe lilelile lina pande mbili: miale yake ikielekezwa na daktari kwa kipimo, hukata nyuzi za waasi hata wafe; ikimpata mtu ovyo bila kipimo, yaweza kukata nyuzi za chembe njema. Kwa hiyo wazazi wawazuie vijana wao wasiende kuchimba katika mashimo ya Shinkolobwe, yaliyofungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004.

DAKTARI WA KAMPALA NA SAFARI YAKE

Habari za limfoma ya watoto wa Afrika haziwezi kusimuliwa bila kumtaja Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, kwa maana hakupata kuona uvimbe wa namna hiyo. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za watoto 38.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Katika daftari za hospitali ya wamisionari ya Mengo, iliyofunguliwa mwaka 1897 na Albert Cook, walikuwamo watoto waliovimba taya hivyo hivyo. Wazee wetu waliuona, ila haukuwa na jina.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari lililokwisha kutumika, wakasafiri majuma 10, maili 10,000, kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini, wakizuru hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misioni. Walibeba picha za watoto wagonjwa, na kila walipofika waliuliza: "Mmepata kuona uvimbe huu?" Walipochora majibu katika ramani, wakaona ya kuwa ugonjwa hupatikana katika nchi za joto na mvua, na hupungua au hukosekana katika milima mirefu yenye baridi. Mahali penye uvimbe ndipo penye malaria nyingi.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi waliyoiona ndani ya chembe hizo. Virusi hiyo huitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Watu wengi sana duniani wanayo, nayo haiwadhuru. Lakini pamoja na malaria ya mara kwa mara, hutayarisha njia ya limfoma hii.

Vipande vingine vilitoka Nairobi, kwa daktari Peter Clifford, vikapelekwa Stockholm. Huko mwaka 1972 Mbulgaria George Manolov na mkewe Yanka Manolova wakaona ya kuwa kromosomu ya 14 katika chembe za waasi ni ndefu kuliko desturi. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kipande hicho cha ziada kilikotoka: kilikatika katika kromosomu ya 8. Miaka michache baadaye ikajulikana ya kuwa kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC, ambayo ni injini yenye nguvu ya kukuza chembe. Imefungwa karibu na jeni za silaha, ambazo katika chembe za limfu hazizimwi. Injini haizimiki tena.

Huo ndio mwanzo wa limfoma ya Burkitt. Lakini injini peke yake aghalabu haitoshi kuleta maafa, kwa sababu mkaguzi bado yupo. Ndipo twafika kwenye vipande vinavyopotea.

BEHEWA LILILOPOTEA NA MAANA YAKE

Daktari atajuaje ya kuwa behewa limepotea? Kwanza hukata kipande kidogo cha uvimbe, na maabara hukitazama kwa hadubini. Wataalamu wakitaka kuona kromosomu zenyewe, huzikamata chembe wakati wa kujigawa, maana wakati huo nyuzi hujikunja na kuonekana. Iko pia njia nyingine: huandaliwa vipande vya rangi ing'aayo vyenye kunata mahali pamoja tu katika uzi fulani. Chembe nzima ikitazamwa gizani huonyesha taa mbili, moja ya uzi wa baba na moja ya uzi wa mama. Ikionyesha taa moja tu, kipande kimepotea. Vipimo hivi vyahitaji maabara kubwa na mafundi waliofunzwa, lakini hadubini ya kawaida na kipande cha uvimbe ndiyo mlango wa yote.

Tutaje mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kromosomu ya 17. Katika mkono wake mfupi limo behewa la jeni iitwayo TP53. Huyu ndiye mkaguzi mkuu wa reli. Dawa nyingi za kansa hufanya kazi kwa kuharibu nyuzi za waasi, halafu humtegemea mkaguzi huyu aione hasara na kuiamuru chembe ife. Mkaguzi akiwa hayupo, dawa yapiga, nayo chembe yaendelea kuishi. Kwa sababu hiyo, katika aina nyingi za limfoma, kupotea kwa kipande hicho ni onyo: dawa za kawaida huenda zisitoshe.

Kuna kansa ya limfosaiti inayowapata hasa wazee na kwenda polepole. Ikiwa katika damu huitwa leukemia sugu, ikiwa katika tezi huhesabiwa limfoma. Mwaka 2000 wataalamu wa Ujerumani walitoa habari za wagonjwa 325 wa namna hiyo. Kipande cha kromosomu ya 17 kilipotea kwa wagonjwa 7 katika kila 100. Nusu ya hao walifariki kabla ya miezi 32 kupita. Lakini tangu mwaka 2014 vidonge vya namna mpya vimekubaliwa kwa wagonjwa hao hasa, kwa kuwa vidonge hivyo havimtegemei mkaguzi aliyepotea. Na wengi wao sasa waishi muda mrefu zaidi. Hapo twaona faida ya kujua. Daktari asiyejua upotevu huo angempa mgonjwa dawa ya kumchosha bure. Anayejua hushika njia nyingine.

Mfano wa pili ni kromosomu ya 13. Katika wagonjwa wale wale 325, zaidi ya nusu walipotewa na kipande chake. Je, hao nao walikuwa katika hatari? Hasha! Wale ambao upotevu wao ulikuwa huo tu, ndio walioishi kuliko wote: nusu yao walivuka miezi 133. Lakini mwaka 2009, watoto na vijana wenye limfoma kali walipochunguzwa katika nchi mbalimbali, wale wa limfoma ya Burkitt waliopotewa na kipande cha kromosomu hiyohiyo ya 13 walionekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Namba ni moja, ugonjwa ni mbalimbali, na maana ni mbalimbali. Kwa hiyo mtu asisome karatasi ya maabara peke yake nyumbani akalia au akashangilia. Alama hizi husomwa na daktari anayeijua aina ya ugonjwa, umri wa mgonjwa, na mahali uvimbe ulipoenea.

Mfano wa tatu ni kromosomu ya 11. Kuna limfoma ambayo chini ya hadubini yafanana na ile ya Burkitt kama pacha. Lakini ikipimwa, injini ya MYC haikuhama. Badala yake, ncha ya kromosomu ya 11 imepotea. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afrya la Dunia limeitenga katika hesabu ya magonjwa. Huwapata hasa watoto na vijana, na wengi wao hupona kwa matibabu. Mapacha wawili, majina mawili. Aliyewatofautisha ni kipande kidogo kisichoonekana kwa macho.

NYUMBA ZETU ZIFANYE NINI?

Pengine msomaji atasema: "Mambo hayo ya maabara kubwa yatufaa nini sisi?" Twajibu: yatufaa kwa sababu ugonjwa huu watibika. Katika miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe, pamoja na wenzake wa Kampala na Nairobi, waliona watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa dawa chache tu, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichozaa chuo cha kansa cha Uganda. Huko Gulu, hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, iliyoanzishwa mwaka 1959 na wamisionari Wakomboni, imewatibu watoto wengi wa limfoma ya Burkitt. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Katika nchi zetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu mbili kubwa zimo mikononi mwetu: kuchelewa kufika, na kuacha dawa kabla ya mwisho.

Basi wazazi wazishike alama hizi. Meno ya mtoto yalegeapo kabla ya wakati wake, na taya likavimba bila maumivu makali. Jicho litokezapo nje. Tumbo livimbapo upesi. Tezi za shingo, makwapa au kinena zivimbapo na kuendelea kukua ingawa hakuna kidonda. Homa, jasho jingi la usiku, na kukonda pasipo sababu: mtoto huyo apelekwe hospitali juma hilohilo. Asing'olewe meno mara kwa mara kwa kudhani ni jino bovu. Asichanjwe wala kuchomwa uvimbe. Daktari akiomba kukata kipande kidogo, wazazi wasikatae kwa kuogopa ya kuwa kisu kitaeneza ugonjwa. Bila kipande hicho daktari ni kama dereva wa usiku asiye na taa.

Tena uvimbe ukinywea baada ya dawa ya kwanza, safari haijaisha. Waasi wachache wasioonekana bado wamejificha, na wakiachwa hurudi wakiwa wagumu kuliko mwanzo. Mtoto amalize dawa zote alizoandikiwa. Hapo ndipo parokia, jumuiya ndogo ndogo na jamaa wa ukoo wanapoweza kuonyesha Ukristo wao: nauli ya kumfikisha mama na mtoto Lubumbashi, unga wa bukari kwa watoto waliobaki nyumbani, mtu wa kulala hospitalini zamu ya pili. Na chandarua kitandani kila usiku si kazi ndogo, maana kila malaria inayozuiwa ni kazi moja ya mkasi iliyopunguzwa.

Mwisho, turudie lile swali la kwanza. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana wetu ni nani aliyekosa, mtu yule au wazazi wake. Bwana aliwakatalia yote mawili, kisha akamponya. Wanafunzi walitafuta mkosaji. Yeye alimtazama mgonjwa. Wakristo wa Likasi wafuate mfano huo. Bibi mzee wa uani hana ufunguo wa kromosomu ya mjukuu wake. Hakukata uzi wala hawezi kuuunga. Anachoweza ni kumshika mtoto mkono njiani kwenda hospitali, na kumwombea. Asinyimwe nafasi hiyo kwa kusingiziwa.

Na wanafunzi wa shule wanaosoma ukurasa huu, wapendao hesabu na elimu ya viumbe, wakumbuke ya kuwa vipande vya uvimbe vya Kampala na Nairobi vilipaswa kusafiri kwa ndege mpaka Ulaya ili visomwe. Yafaa siku moja visomwe hapahapa Katanga, na macho ya kuvisoma yawe yenu.